Uduvi si takataka, na chandarua si wavu

Gunia la ndakala likifunguliwa sokoni hapa Kamina, ubishi hauchelewi. Katikati ya samaki kuna vitu vidogo vyekundu, vimejikunja kama herufi C, vina miguu mingi, masharubu marefu na macho meusi. Mama mmoja anavichambua na kuvitupa chini. Wa pili anataka apunguziwe bei kwa sababu, anasema, wamemchanganyia wadudu. Wa tatu anaviokota kimyakimya, anavitia katika kopo lake na kwenda kuvipika. Huyo wa tatu mara nyingi ni mtu aliyekimbia vita, na wenzake wanamtazama kwa huruma, kana kwamba njaa imemfikisha pabaya.

Maoni yangu ni haya: huyo wa tatu ndiye anayejua. Vile vitu vyekundu ni chakula, tena chakula kizuri. Lakini kuna jambo la pili ambalo lazima tuliseme pamoja na hilo la kwanza: namna tunavyovivua ndiyo inayoweza kutuletea njaa ya kesho. Ndugu wasikilizaji na wasomaji, tuyachukue maswali ya sokoni moja baada ya jingine.

Anaitwaje huyu mnyama?

Wengi wetu tumezoea kusema krevete, kwa sababu ya Kifaransa. Kwa Kiswahili cha pwani anaitwa kamba, na wale wadogo sana wanaokaushwa wanaitwa uduvi. Najua hapa kwetu ukisema kamba mtu anafikiria ile ya kufungia mzigo juu ya kinga. Lakini neno ni hilo hilo moja, na mazungumzo yenyewe yatakuonyesha ni kipi kinachosemwa. Kinshasa wanamjua mkubwa kwa jina la kosakosa. Na kuna nchi nzima iliyopata jina kwake: Wareno walipofika kwenye mto Wouri, waliona kamba wengi mpaka wakauita Mto wa Kamba, kwa lugha yao Rio dos Camarões. Ndipo likatoka jina la Kameruni.

Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba hiki ni kitu cha juzi kilicholetwa na mashirika. Kamba wanaishi katika bahari, na wengine wanaishi katika mito na maziwa ya Afrika, wamejificha kwenye mizizi na majani ya pembeni. Ziwa Tanganyika peke yake lina aina zaidi ya kumi za kamba wadogo ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani.

Ni samaki au ni mdudu?

Si samaki. Hana mfupa wa mgongo, hana magamba. Ni ndugu wa kaa. Ngozi yake ngumu iko nje, na akitaka kukua ni lazima aivue kama mtu anayevua koti lililombana, kisha anajificha siku kidogo mpaka ngozi mpya ikomae. Ana miguu kumi ya kutembelea, na chini ya tumbo ana vijiguu vingine vya kuogelea. Akishtuka, anapiga mkia mara moja na kuruka kinyumenyume. Anapumua kwa mashavu kama samaki. Moyo wake uko kifuani, na kwake kifua na kichwa vimeungana. Ndiyo sababu watu husema moyo wa kamba uko kichwani.

Wanasayansi wanasema kweli kwamba ukoo wake na ukoo wa wadudu viko karibu. Lakini hapo mimi nauliza: hilo linatutisha nini sisi watu wa Katanga? Sisi ambao msimu wa finkubala ukifika tunapigania kikopo cha mwisho? Sisi ambao inswa wakiruka usiku tunawasha taa na kuweka beseni la maji? Mtu anayekula finkubala kwa bukari na kusema kamba ni uchafu, huyo hakukataa mdudu. Amekataa mgeni.

Kwa nini akipikwa anakuwa mwekundu? Ni rangi ya kutia?

Hapana. Rangi hiyo nyekundu anayo tangu akiwa hai, lakini imefungwa ndani ya protini, ndiyo maana majini anaonekana wa kijivu, wa kijani au anayepenya mwanga. Moto ukiivunja ile protini, rangi inafunguka. Kaa naye anafanya hivyo hivyo. Na ule uzi mweusi unaouona mgongoni mwa kamba mkubwa si mshipa wa damu. Ni utumbo wake. Kwa wakubwa unaweza kuutoa kwa ncha ya kisu. Kwa uduvi wadogo haiwezekani, wala haina lazima, mradi wamesafishwa na kupikwa vizuri.

Ni chakula kweli? Mtoto anaweza kula?

Hapa ndipo penye uzito. Gramu 100 za kamba wabichi zina gramu 20 hivi za protini, sawa na nyama. Wakikaushwa maji yanaondoka, na kile kilichobaki kinakuwa kizito zaidi. Zaidi ya hapo, uduvi huliwa mzima, na ngozi yake, kwa hiyo unapata pia chokaa ya mifupa. Mlinganishe na kipande cha samaki mkubwa: unalipa bei ya kichwa na mifupa, kisha unavitupa.

Familia nyingi zilizohama, na nyingi za wenyeji pia, zinaishi kwa bukari na sombe, bukari na lenga-lenga, siku baada ya siku. Tumbo linajaa, lakini mtoto hakui. Nywele zinabadilika rangi, miguu inavimba, na hapo ndipo tunamkimbiza kwenye kituo cha afya. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto akitimiza miezi 6 aanze kupewa chakula pamoja na maziwa ya mama, na katika chakula hicho kiwemo kitu kinachotoka kwa mnyama: yai, samaki, nyama. Mama asiye na pesa ya yai wala ya nyama anaweza kuwa na pesa ya kikopo kidogo cha ndakala na uduvi.

Njia ni rahisi. Pepeta kwanza, mchanga na makapi vitoke. Osha haraka kwa maji safi. Kausha juani, kisha kaanga bila mafuta juu ya moto mdogo mpaka wavunjike kwa vidole. Twanga kwenye kinu, chekecha, uweke unga huo katika chupa kavu yenye kifuniko. Ukipika uji wa mtoto, tia kijiko kidogo kimoja uchemke pamoja nao. Kwa watu wazima, tia kijiko kikubwa katika sombe badala ya vile vidonge vya chumvi tunavyonunua kila siku kwa ajili ya ladha. Ladha utaipata, na kitoweo utakipata pia.

Chunga mambo matatu. Kwanza, harufu: uduvi mzuri ananuka ziwa na jua. Akikuwasha pua kama mkojo uliolala, ameoza. Akinuka dawa ya kuua wadudu, kuna muuzaji aliyempulizia ili nzi na funza wasimsogelee, mrudishie, usile. Pili, chumvi: waliokaushwa kwa chumvi nyingi usimpe mtoto mdogo mpaka uwaloweke na kumwaga maji. Tatu, kuna watu ambao miili yao inakataa kamba na kaa. Wanawashwa, midomo inavimba, wanatapika, na wengine pumzi inabana. Kupika hakuondoi tatizo hilo. Kwa hiyo mara ya kwanza mpe mtoto kidogo tu, mchana na si usiku, umtazame. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, nenda kwenye kituo cha afya mara moja, na kamba asimle tena. Mtu ambaye kamba wanamdhuru achunge hata finkubala na inswa, kwa sababu ukoo ni wa karibu, kama nilivyosema.

Na dini inasema nini?

Kila mtu na imani yake, na mimi si mchungaji. Ndugu zetu Waadventista hawali kamba kwa sababu ya sura ya 11 ya kitabu cha Walawi, inayokataza viumbe vya majini visivyo na mapezi na magamba. Wakristo wengine wengi wanakula. Kwa Waislamu, madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yameenea zaidi Afrika Mashariki, yanaruhusu. Ninachoomba ni kwamba anayekataa kwa imani aheshimiwe, na anayekula asiitwe mchafu. Katika kambi na katika nyumba za waliopokea wageni, tumegawana paa moja na watu wa makabila na makanisa mbalimbali. Chungu cha jirani si mahali pa kutafutia ugomvi.

Je, kamba analeta kipindupindu?

Swali hili ni zuri kuliko yote, na jibu lake lina sehemu mbili.

Sote tunajua kwamba kipindupindu hakitoki katika jimbo letu. Bukama, Kinkondja, Malemba-Nkulu, Mulongo, Butumba: majina hayo tunayasikia kila mwaka katika taarifa za afya. Ukanda wa maziwa ni nyumba ya ugonjwa huo. Wanasayansi waligundua kwamba kidudu cha kipindupindu kinapenda kujibandika kwenye maganda ya wanyama wadogo mno wanaoelea majini, ambao ni ndugu wa mbali wa kamba. Ukichota maji ya ziwa ukayanywa bila kuyatengeneza, unaweza kuwameza wengi bila kuona kitu, kila mmoja na mzigo wake wa vidudu.

Hilo ndilo lililowapa watafiti wazo huko Bangladesh, nchi yenye mito na kipindupindu kama sisi. Waliwafundisha akina mama kuchuja maji kwa kitambaa cha nguo ya zamani, sari, kilichokunjwa mara nne au zaidi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2003: katika vijiji vilivyofanya hivyo, wagonjwa wa kipindupindu walipungua karibu nusu. Kitambaa cha zamani ndicho kizuri kwa sababu nyuzi zake zimelegea na kuziba matundu. Kipande cha kitenge kilichochakaa kinaweza kufanya kazi hiyo hiyo, mradi ukifue na kukianika juani kila baada ya kuchuja.

Lakini nisieleweke vibaya. Kitambaa kinapunguza hatari, hakiimalizi. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini. Kitambaa ni cha siku ambayo makala imekwisha na dawa haipo. Mtu akianza kuharisha maji kama ya mchele, mpe serumu ya kunywa njiani huku mkimpeleka kwenye kituo cha afya. Usingoje asubuhi.

Sehemu ya pili ya jibu: kamba aliyepikwa mpaka akachemka vizuri hana kipindupindu. Hatari inakuja akiliwa mbichi au nusu mbichi, au akioshwa kwa maji machafu baada ya kupikwa, au akiguswa na mikono isiyooshwa. Vivyo hivyo kaa wa mtoni: asiliwe nusu mbichi, kwa maana kaa anaweza kubeba mnyoo unaoingia mapafuni na kumkohoza mtu damu mpaka wamdhanie ana kifua kikuu. Moto ndio daktari wa kwanza.

Watu wanamfuga kamba kweli?

Wanamfuga. Vijana walionitumia picha za kamba wadogo wekundu ndani ya chupa ya kioo hawakudanganywa. Ulaya, Japani na Marekani kuna watu wanaoweka kamba wadogo nyumbani kama sisi tunavyoweka njiwa. Mjapani Takashi Amano ndiye aliyesambaza mtindo wa kuwatumia kamba kusafisha kuvu ya kijani katika vioo vya samaki. Hata kamba wa mito ya Afrika ya Magharibi na ya Kongo, mkubwa mpole anayekamata chakula kwa mikono iliyo kama feni, anauzwa huko kwa wapenzi wa wanyama.

Kuna jambo moja ambalo wafugaji hao wote wanalijua, nalo linatuhusu sisi watu wa nchi ya shaba. Damu ya kamba haibebi hewa kwa chuma kama damu yetu. Inabeba kwa shaba, ndiyo maana ina rangi ya samawati. Anahitaji shaba kidogo ili aishi. Lakini shaba ikizidi majini, hata kidogo tu, anakufa kabla ya samaki. Sasa fikiria ramani. Mto Lualaba unapita upande wa Kolwezi kabla ya kushuka Bukama na kuingia kwenye maziwa yetu. Mto Lufira unapita upande wa Likasi, nao unaishia huku huku. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamekwisha kuandika juu ya madini mazito katika viumbe vya majini vya bonde la Lufira ya juu. Kwa hiyo mvuvi akisema kamba wamepotea mahali walipokuwa wengi, asichekwe. Anatoa taarifa. Afisa wa mazingira angepaswa kumsikiliza kabla ya mtu mwingine yeyote.

Na kufuga kamba wa kula katika bwawa hapa Kamina? Kwa sasa mimi singeshauri. Yule kamba mkubwa wa maji baridi anayefugwa sana duniani, watoto wake wanahitaji maji yenye chumvi wiki zao za kwanza, na sisi tuko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bahari yoyote. Ingebidi kununua watoto wa kamba mbali na kuwasafirisha kwa barabara zetu hizi. Mwenye bwawa aweke tilapia na kambale. Wanavumilia, na soko lao liko mlangoni.

Anasikia maumivu?

Kuna mtoto wa shule aliyeuliza hivyo, na watu wazima wakacheka. Asichekwe. Mwaka 2021 jopo la wataalamu nchini Uingereza lilichunguza tafiti nyingi na kuona kwamba kaa na kamba wana dalili za kuhisi, na mwaka 2022 sheria ya nchi hiyo ya ustawi wa wanyama ikawatambua. Sisi tuna vita, hatuna nafasi ya kutunga sheria ya kamba. Lakini wazee wetu walitufundisha kwamba mnyama wa kuliwa hachezewi. Akitolewa majini, atiwe katika maji yanayochemka kwa nguvu, aishe mara moja. Kumwacha afe polepole juani ni ukatili, na nyama yake inaharibika pia.

Basi tumvue tunavyotaka?

Hapana. Na hapa ndipo nilipotaka kufika.

Kamba mdogo ana kazi majini kabla hajawa kitoweo. Anakula mabaki na kuvu, na yeye analiwa na samaki. Katika Ziwa Victoria, samaki wadogo wa asili walipopungua miaka ya 1980, sangara wachanga waliishi zaidi kwa kula uduvi. Katika Ziwa Tanganyika, baadhi ya samaki wadogo tunaowaita ndakala nao wanakula uduvi. Ukimwondoa huyu mdogo kabisa, umeondoa bukari ya samaki.

Tatizo ni kwamba wavu wa kawaida haumkamati uduvi. Anapita. Kwa hiyo watu wanachukua chandarua, mustikeri ile iliyogawiwa kwa ajili ya mbu, wanashona vipande viwili au vitatu, wanakokota kwenye majani ya pembeni. Matundu ya chandarua hayafiki milimita mbili. Hakichagui. Uduvi wanaingia, na pamoja nao wanaingia watoto wa tilapia na wa kambale, kwa sababu pembeni penye majani ndipo samaki wanapolelea. Kikopo kimoja cha vile vidogo kingeweza kuwa magunia baada ya miezi. Tunakula mbegu.

Kuna madhara mengine mawili ambayo watu hawayafikirii. Chandarua kina dawa ya kuua wadudu, na dawa hiyo ni kali sana kwa samaki na kwa kamba wenyewe. Na usiku ule chandarua kinapoanikwa ufukweni, mtoto analala bila kitu. Malaria inaua watoto wengi katika nchi yetu. Mama anapata kitoweo cha siku moja, kisha anatumia pesa ya mwezi mzima kumtibu mtoto.

Najua jibu nitakalopewa, kwa sababu ni la kweli: mwenye njaa hana miiko. Familia iliyofika na vifurushi viwili, isiyo na shamba, isiyo na mtumbwi, isiyo na pesa ya nyavu, imekuta chandarua mkononi na ziwa mbele yake. Nani atailaumu? Mimi siilaumu. Lakini naona aibu tunapomkamata mama mwenye chandarua kimoja, tukamtoza faini, huku nyavu haramu za wenye mitumbwi mikubwa zinapita mchana kweupe kwa sababu mwenye nyavu anajua kuzungumza na wakubwa. Kwenye pwani ya Kenya, katika ghuba ya Ungwana, wavuvi wadogo walilia kwa miaka kwamba meli kubwa za kukokota kamba zinawaharibia nyavu na kumaliza samaki, na mwaka 2006 meli hizo zikasimamishwa. Sheria ya maji ikianza kwa mkubwa, mdogo anaifuata bila bunduki.

Nini kifanyike?

Kwa wanaogawa misaada: unga, maharagwe, mafuta na chumvi tunashukuru. Ongezeni kitoweo kikavu cha maziwa yetu, kilichonunuliwa kwa wavuvi wenye nyavu halali na kukaguliwa. Reli ilifika Bukama tangu mwaka 1918, na ndakala wa Kalemie wanaweza kushuka Kabalo mpaka hapa Kamina kwa treni hiyo hiyo. Pesa ya msaada ikinunua samaki wa jimbo, inalisha nyumba mbili: ya mkimbizi na ya mvuvi. Na mnapogawa vyandarua katika vijiji vya ufukweni, ulizeni kwanza watu wanakula nini.

Kwa wakubwa wa uvuvi: miezi ya kufunga uvuvi ni jambo jema. Mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, uvuvi ulifungwa katika Ziwa Tanganyika ili samaki wapumzike na kuzaana. Lakini kufunga ziwa bila kufungua ghala ni kuwaambia watu wafe kwa utaratibu. Tangazo la kufunga litoke pamoja na mpango wa chakula na wa nyavu zenye matundu halali, na litangazwe mapema redioni, kwa Kiswahili na kwa Kiluba, watu wajiwekee akiba.

Kwa wavuvi: wekeni sehemu za pembeni ambazo hakuna anayezigusa, mzilinde wenyewe. Wazee wa maziwa walikuwa na mahali pa miiko ambapo wavu hauingii. Hawakuwa wajinga.

Kwa akina mama wa sokoni: msitupe uduvi wanaokuja ndani ya gunia. Wamekwisha kuvuliwa, kuwatupa hakumrudishi hata mmoja majini. Watengeni, wapepeteni, muwauze kwa kikopo chao na bei yao, mseme ni nini. Mteja akijua anachonunua, ubishi unakwisha.

Na kwa sisi sote tunaotazamana chungu kwa chungu: tuache kumcheka anayeokota. Katika mji huu, wengi wetu ni watoto wa watu waliokuja na reli au waliokuja kwa miguu, kila mmoja na chakula alichokizoea. Usiku chandarua kirudi juu ya kitanda. Asubuhi kijiko cha unga wa uduvi kiende katika uji. Hayo mawili hayahitaji kungoja amani, wala mradi, wala mgeni kutoka Kinshasa.